Vidonge vya asidi amino au maharage na dagaa?

Vijana hapa Sumbawanga huniuliza kama vidonge vya asidi amino vinanenepesha. Asidi hizo ndizo mwili huzipata unapomeng'enya protini. Kidonge huwa na gramu moja au pungufu. Yai moja lina gramu sita hivi za protini. Mtu wa kilo 60 huhitaji takriban gramu 48 kwa siku. Basi vidonge pekee havinenepeshi wala havikondeshi. Uzito hufuata jumla ya chakula na kazi.

Mahindi yetu ya Ufipa yana upungufu wa lisini. Maharage yanayo kwa wingi, nayo mahindi huziba pengo la maharage. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ghala la mahindi halitoshi. Mtoto akitimiza miezi sita, mama amtilie katika uji dagaa waliosagwa, maharage yaliyopondwa au yai.

Tahadhari: baadhi ya maganda ya vidonge hutengenezwa kwa jelatini ya nguruwe. Na anayekonda huku akikohoa wiki mbili asikimbilie duka la dawa. Aende akapimwe kifua kikuu.