Moyo Unapopandishwa Mlima

Mtu ambaye mshipa wa moyo wake umeziba kwa asilimia 70 anaweza kushinda barazani akipiga soga na kunywa kahawa, asihisi lolote. Hata kipimo cha umeme wa moyo (ECG), akiwa amelala kitandani, huenda kisioneshe kasoro. Mwambie apande ngazi ghorofa tatu, ndipo shida itajitokeza.

Misuli ya mguu, kazi ikizidi, hunyonya oksijeni zaidi kutoka kwenye damu ileile. Moyo hauna akiba hiyo: hata mtu akiwa amepumzika, umeshachukua takriban asilimia 70 ya oksijeni inayoupitia. Ukihitaji zaidi, sharti uletewe damu zaidi, na mshipa mwembamba hauipitishi. Tena moyo hupata sehemu kubwa ya damu yake kati ya pigo na pigo, unapolegea. Mapigo yakienda mbio, muda huo ndio unaopungua zaidi.

Ili kuifichua shida hiyo, kwa kipimo kilichoasisiwa na daktari Robert Bruce wa Seattle, Marekani, mgonjwa hutembezwa juu ya mashine ya mkanda unaozunguka, nyaya za ECG zikiwa kifuani. Huanza na kilomita 2.7 tu kwa saa, ila mkanda umeinuliwa kama mlima. Kila dakika tatu kasi na mwinuko huongezwa. Jasho linatoka, presha inapimwa, macho ya daktari yako kwenye mistari ya ECG. Mambo huharibika kwa zamu: kwanza moyo hushindwa kulegea vizuri, kisha sehemu iliyokosa damu husukuma kwa unyonge, halafu mistari inashuka. Maumivu huja mwisho. Wengine, hasa wenye kisukari, hawayasikii kabisa.

Basi mgonjwa akae kitako? William Heberden, daktari wa London wa karne ya 18, alisimulia mgonjwa wa kubanwa kifua aliyejipangia kukata mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona. Huko Leipzig, Ujerumani, utafiti uliotolewa mwaka 2004 uliwashirikisha wanaume 101 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia. Baada ya mwaka, asilimia 88 ya walioendesha baiskeli dakika 20 kila siku hawakuwa wamepata tukio kubwa la moyo au mishipa, dhidi ya asilimia 70 ya waliowekewa stenti, kijibomba cha kuupanua mshipa. Ni watu wachache, na simshauri mtu aikatae stenti. Lakini mwili uliozoea mazoezi hufanya kazi ileile kwa mapigo machache, na moyo unadai damu kidogo.

Dozi hupangwa na daktari baada ya kipimo. Maumivu yanayomjia mtu akiwa amekaa tu, hayo si ya baiskeli. Akimbizwe hospitali saa hiyohiyo.