Fidla Yalia, Mpigaji Hayupo

Imekuwa ni jambo la kawaida siku hizi, katika kumbi zetu za mjini na hata katika viwanja vya shamba, msikilizaji kuzisikia fidla sita zikilia pamoja, nai ikijibu, na dumbaki likipigwa kwa mkono uliokomaa, kisha akainua macho jukwaani asione fidla hata moja. Alionalo ni kijana mmoja aliyesimama nyuma ya kinanda cha umeme, ubavuni mwake kompyuta ndogo iliyofunguliwa, na mbele yake mwimbaji aliyeshika kipaza sauti. Fidla zote zimo ndani ya kisanduku. Zilipigwa zamani, mahali pengine, na watu ambao hapana mmoja kati ya waliohudhuria awajuaye, nazo sasa hutolewa kwa kubonyeza kitufe. Wenyewe wenye kazi hiyo huiita pleibeki.

Jambo hili limekwisha zungumzwa sana barazani, aghalabu kwa hasira upande mmoja na kwa dharau upande wa pili. Safu hii yapenda kulitazama kwa utulivu zaidi, maana ndani yake mna mambo yanayozihusu ofisi za serikali kama yanavyowahusu wapenzi wa taarab.

Kwanza yafaa isemwe kwamba ugomvi huu haukuzaliwa Unguja. Ilipotoka filamu ya The Jazz Singer mwaka 1927 na senema zikaanza kusema, maelfu ya wapigaji wa Marekani waliokuwa wakipiga muziki mbele ya filamu za kimya walijikuta hawana kazi. Chama chao kilitangaza katika magazeti kwamba muziki wa kopo si muziki, lakini watazamaji walikwisha fanya uamuzi wao mlangoni. Tarehe 1 Agosti 1942 chama hicho hicho kiliwazuia wanachama wake wasirekodi santuri, na mgomo huo ukadumu zaidi ya miaka miwili. Waingereza nao, mnamo mwaka 1963 huko Birmingham, walitengeneza kinanda kilichoitwa Mellotron ambacho chini ya kila kibonyezo kina utepe wenye sauti iliyorekodiwa: ukibonyeza, fidla hulia kwa muda wa sekunde nane hivi, kisha hunyamaza. Mwaka 1979 mafundi wa Sydney, Australia, walitoa chombo cha kompyuta kilichoitwa Fairlight, ambacho hakikuhitaji utepe tena. Wakati huo bei yake ilikuwa ya kununulia nyumba. Leo kazi ile ile hufanywa na simu ya mkononi.

Wako pia waliovuka mpaka kabisa. Kundi la Milli Vanilli, lililovuma mno dunia nzima, lilikuwa jukwaani mjini Bristol, Connecticut, mwezi Julai 1989, pale mtambo uliponasa na kuanza kurudia maneno yale yale, tena na tena, hata mmoja wa vijana wale akakimbia jukwaa. Februari 1990 walipewa tuzo ya Grammy. Novemba ya mwaka huo huo walinyang'anywa, ilipothibitika kuwa hata katika santuri sauti haikuwa yao.

Hayo ni ya wenzetu. Ya kwetu yana sura yake, na ndiyo yatupasayo kuyatazama kwa makini, kwa sababu taarab si muziki wa kila namna. Yasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka mtu Misri akajifunze kupiga kanuni. Nadi Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Culture Musical Club ilifuata mwaka 1958. Siti binti Saad na wapigaji wake walikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri zile ziliuzwa pwani nzima. Wala hakuna aliyedai kwamba kuisikia santuri ni sawa na kumsikia Siti, wala hakuna aliyeiweka santuri mezani harusini akatoza kiingilio kwa jina la Siti. Watu walijua lipi ni lipi. Tofauti hiyo ndiyo inayofutika leo.

Mwenye kuzoea taarab anajua kwamba wimbo hauna urefu maalumu. Mwimbaji anapofika katika kiitikio, mara mama mmoja huinuka kutoka nyuma kabisa ya ukumbi, noti mkononi, akaja taratibu kwa maringo yake yote kumtunza. Huenda beti ile imemgusa yeye, au imemgusa jirani yake ambaye angependa aguswe zaidi. Mwimbaji humtazama mkuu wa fidla, naye huwatazama wenzake, na kiitikio hurudiwa mara ya pili, ya tatu, ya tano, mpaka yule mama amalize haja yake na wengine watatu waliomfuata wamalize haja zao. Hapo ndipo taarab ilipo. Mtambo haumwoni yule mama. Umepangiwa kurudia mara mbili, na mara mbili ndizo utakazorudia, hata akiwa angali njiani. Tumeshuhudia, zaidi ya mara moja, mwimbaji akimalizia beti na mtunzaji bado hajafika jukwaani, akabaki kati ya ukumbi na noti yake hajui aiweke wapi.

Kisha kuna sauti zenyewe. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na kando yake mna vishikizo vidogo vya kupandishia na kushushia sauti kwa kiasi kidogo sana, maana makamu za rasti na bayati zina sauti ambazo hukaa katikati, si juu wala chini. Kinanda cha kawaida kimegawanya sauti katika ngazi 12 zilizo sawa, na kilicho katikati hakimo. Ni kweli kwamba vipo vinanda vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu vinavyoweza kushusha sauti hizo, na wako wapigaji wetu wachache wenye ustadi wa kuvitumia. Lakini wengi hawashughuliki, na sikio la kijana aliyezaliwa miaka hii limeanza kuiona sauti ya katikati kuwa ni kosa. Ama taksimu, yaani pale mpigaji mmoja anapoachiwa uwanja atembee peke yake kabla ya wimbo, hiyo imekwisha toweka katika maonyesho mengi. Wala haishangazi, kwani hapana maana ya kurekodi mapema kitu ambacho thamani yake ni kwamba hakikujulikana mapema.

Haifai hata hivyo kuwatia vijana wote katika kapu moja. Kijana wa zenji fleva aliyekaa studio miezi miwili akatengeneza muziki wake mwenyewe, kisha akasimama Forodhani akaimba juu yake, hamdanganyi mtu. Muziki wake ulizaliwa ndani ya kompyuta, na wasikilizaji wake wanalijua hilo tangu mwanzo. Hali kadhalika vikundi vya taarab ya kisasa vilivyochipuka miaka ya 1990, kama East African Melody, vilitumia vinanda vya umeme kwa wazi, vikawatoa watu vitini wakacheza, na vikapata mapenzi ambayo vikundi vya zamani havikuyapata miongoni mwa vijana. Wazee waliolalamika wakati ule walisahau kwamba akodiani nayo iliwahi kuwa mgeni. Lawama yetu ni kwa yule anayebandika tangazo lenye picha ya udi na kanuni, akatoza kiingilio cha kikundi kizima, kisha akaja na watu watatu.

Mwenye kikundi naye ana hesabu zake, na ni hesabu za kweli. Wapigaji 20 wanataka nauli ya boti kwenda Pemba, wanataka chakula, wanataka pahala pa kulala, na mwenye harusi ana fungu lake ambalo haliongezeki. Watu watatu na kompyuta ndogo huingia katika gari moja. Mwaka 2003 mabwana wa tamthilia za Broadway, New York, walitoa hoja hiyo hiyo, walipotaka kupunguza idadi ya wapigaji na kuwatishia kwa muziki wa mashine. Wapigaji waligoma siku nne mwezi Machi, waigizaji wakawaunga mkono, na mwisho wakaafikiana kwamba katika kumbi kubwa kiwango cha chini kishuke kutoka wapigaji 24 au zaidi hadi 18 au 19. Walipoteza sehemu, lakini waliokoa kiti.

Na kiti ndilo neno tunalotaka liwafikie wanaohusika. Katika kikundi cha taarab cha zamani, safu ya mbele ya fidla hukaliwa na mabingwa. Kiti cha mwisho, karibu na ukuta, hukaliwa na kijana ambaye bado hajui. Yeye hupiga polepole, hukosea bila ya kusikika, huangalia vidole vya aliye mbele yake, na baada ya miaka mitano au sita husogea kiti kimoja. Mabingwa wetu karibu wote walipita hapo. Sauti za kisanduku hazikuja kumwondoa bingwa, kwani bingwa bado huitwa, japo mara moja moja, kwa ajili ya heshima. Aliyeondolewa ni yule wa kiti cha mwisho. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa mjini mwaka 2002, kimewafundisha vijana wengi udi, kanuni na fidla. Lakini mwanafunzi aliyehitimu anapotoka asikute kikundi chenye nafasi, hana budi kwenda kuwapigia watalii hotelini, nyimbo tatu zile zile kila jioni, au kuiweka fidla juu ya kabati.

Wapo wasemao kwamba hadhira haijali. Hilo si kweli kwa ukamilifu. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo Ngome Kongwe ndiyo maskani yake mashuhuri, limeshikilia tangu zamani kwamba anayepanda jukwaa lake apige muziki wa laivu, na watu huja kutoka pembe zote za dunia. Gharama yake si ndogo. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi mwaka 2017. Lakini masharti hayakulegezwa ili kupunguza gharama. Na kwa upande mwingine wa mizani, wakaazi wa Unguja hawajasahau Mei 2008, umeme ulipokatika karibu mwezi mzima, wala kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, ulipokatika miezi mitatu. Kinanda bila ya jenereta kilikuwa ubao tu. Udi na dumbaki havikuwa na habari ya waya wa chini ya bahari.

Serikali imefanya kazi ya kusifiwa katika kuuhifadhi Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Hakuna afisa ambaye angemruhusu mwenye nyumba aung'oe mlango wa kuchonga na mahali pake atundike turubai lenye picha ya mlango. Twauliza basi kwa adabu, kwa nini katika hafla za serikali yenyewe, mbele ya wageni wa kitaifa, hukubaliwa kikundi kilichotundika turubai?

Hatuombi pleibeki ipigwe marufuku. Marufuku ya namna hiyo haitekelezeki, na ingewaumiza vijana wasio na hatia. Tunaloomba ni dogo. Tangazo la onyesho liseme wazi kama muziki ni wa laivu au la, ili mwenye kulipa ajue anacholipia, na Baraza la Sanaa lenye kutoa vibali lisione tabu kuongeza mstari huo katika fomu zake. Sauti ya mpigaji wa hapa inapochukuliwa ikatiwa katika kisanduku na kutumiwa kila Jumamosi, mpigaji huyo au warithi wake wapate haki yao. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2003, na ina jumuiya ya COSOZA ya kulishughulikia hilo. Wengi wa wapigaji wetu wazee hawajui hata kwamba wanaweza kuuliza.

La mwisho lahusu ofisi zinazoalika. Kila mwaka, kabla ya sherehe za Mapinduzi za tarehe 12 Januari, barua za mwaliko hupelekwa kwa vikundi, na malipo hukisiwa kwa kikundi, kiwe na watu watatu au thelathini. Malipo hayo yangekisiwa kwa idadi ya wapigaji watakaokaa jukwaani na ala mikononi, pamoja na nafasi mbili zilizotengwa kwa wanafunzi, wakuu wa vikundi wangeanza kuwatafuta vijana wale wiki hiyo hiyo. Fidla zao bado zipo juu ya makabati.