Nzi wawili wa Kalerwe: yupi wa kuogopa?

Kama hununua chakula katika soko la Kalerwe, kaskazini mwa Kampala, unayajua yale marundo ya maganda ya matoke na kabichi zilizooza, hasa mvua ikinyesha. Nzi wengi wanaotua hapo umewajua tangu utoto. Lakini huenda ukamwona mwingine, mrefu na mweusi, anayefanana na nyigu. Watu humuua huyo kwanza wakiogopa kuumwa, na yule mdogo wanamwacha atembee juu ya sahani. Wanakosea adui.

Nzi wa nyumbani ni wa kijivu, ana urefu wa milimita 6 au 7 na mistari minne mgongoni. Hawezi kutafuna. Akitua kwenye chakula chako hutema mate, pamoja na kitu alichokula kabla, ili kilainike, kisha anafyonza. Kama ametoka chooni, unaelewa kilichobaki. Hivyo ndivyo anavyosambaza kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo na hata kipindupindu. Kwenye joto, yai lake huwa nzi kamili kwa siku 7 hadi 10. Kwa hiyo usiache taka zifikishe wiki moja karibu na nyumba, na funika chakula hata kama unatoka kwa dakika tano.

Yule mweusi huitwa nzi askari mweusi. Ana urefu wa milimita 15 hadi 20, hana mwiba na haumi. Akishaota mabawa hahitaji chakula, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea akiwa funza, hivyo sahani yako haimhusu. Jike hutaga mayai mamia kwenye nyufa kavu kando ya taka. Funza wake ndio wenye kazi: hula mabaki usiku na mchana kwa wiki mbili hivi, na wakijaa mahali, nzi wa nyumbani hutaga kidogo hapo. Wakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini, ndiyo maana wafugaji huwalisha kuku na samaki.

Utawatofautishaje? Funza wa nzi wa nyumbani ni mweupe, laini, amechongoka upande mmoja. Wa nzi askari ni bapa, ngozi ngumu, na akikomaa hugeuka kahawia iliyokolea. Kuku wako wape waliokulia kwenye maganda ya jikoni. Waliotoka chooni usiwape.