Yoga ni nini, na inasaidiaje akili irudi pale mwili ulipo?

Unapalilia mahindi, lakini mawazo yako kwenye ada ya shule. Unakula na watoto, lakini moyo uko kwenye deni la mbolea. Mwili upo, mwenyewe haupo. Wasikilizaji wetu wanapotuuliza yoga ni kitu gani, na kwa nini watu wa mijini wanajikunja na kujinyoosha kwenye mikeka, sisi huanzia hapo, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo yoga inalishughulikia.

Neno lenye nira ndani yake

Yoga ilianzia India zamani sana. Neno lenyewe ni la Kisanskriti, na asili yake ni kuunganisha, kama ng'ombe wawili wanavyofungwa nira moja. Aliyewahi kulima kwa plau anajua kwamba ng'ombe mmoja akivuta huku na mwingine kule, kazi haiendi. Katika yoga, tunaweza kusema ng'ombe hao ni mwili na akili, na nira inayowashika pamoja ni pumzi.

Akili kutangatanga si tatizo la mtu mmoja. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti walioufanya kwa kutumia simu. Waliwauliza watu wazima 2,250, mara kwa mara katikati ya siku zao: unafanya nini sasa hivi, unawaza nini, na unajisikiaje? Katika asilimia 47 ya majibu, akili ilikuwa kwingine. Hata waliokuwa wakiwaza mambo mazuri hawakuwa na furaha kuliko wale ambao akili yao ilikuwa kwenye shughuli iliyo mbele yao.

Mwilini kunatokea nini?

Hofu ikiingia, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia. Moyo huenda mbio, mabega hukaza, pumzi huwa fupi. Hilo linafaa ukikutana na nyoka njiani. Lakini deni si nyoka. Halikimbiliki, kwa hiyo mwili unabaki umekaza siku nzima, na usiku usingizi hauji.

Sasa, kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo, unapita shingoni na kufika kwenye moyo, mapafu na tumbo. Unapotoa pumzi polepole, mshipa huu huupunguzia moyo kasi. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Katika mazoezi ya pumzi ya yoga, watu wengi hushuka mpaka karibu mara 6. Pumzi ndiyo mlango tunaoweza kuupitia, kwa sababu huwezi kuuamuru moyo upunguze mwendo, lakini pumzi unaweza kuiongoza.

Mikao nayo ina kazi yake. Chukua mkao wa mti: unasimama kwa mguu mmoja, kama mchungaji anavyopumzika, ila bila fimbo ya kuegemea. Ukianza kuwaza deni, utayumba. Mguu unakuita urudi.

Na kuungana na wenzako?

Waliofunza watu wengi yoga husema kufanya kwa kikundi kuna ladha yake. Hili hatulishangai sana huku kwetu. Wanaotwanga kwenye kinu kimoja kwa zamu, au wanaolima kwa mstari huku wakiimba, wanajua namna kazi inavyowafanya kuwa kitu kimoja. Mwaka 2009 watafiti Scott Wiltermuth na Chip Heath wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba watu waliotembea kwa hatua moja walishirikiana vizuri zaidi baadaye kuliko waliotembea kila mmoja kivyake.

Je, ni ibada?

Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na ni la haki. Yoga ilikulia ndani ya dini za India, na wapo wanaoifanya kama ibada mpaka leo. Wengine wengi huifanya kama mazoezi tu. Viongozi wa dini hawakubaliani. Mwaka 2008 baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga inayochanganywa na maneno ya ibada. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliruhusu yoga ifundishwe kama mchezo. Ukiwa na shaka, muulize shehe, padri au mchungaji wako. Kupumua polepole hakuhitaji maneno yoyote.

Jaribu kwa dakika tano

Huhitaji nguo maalumu wala ada. Kaa kwenye kigoda au mkeka, mgongo wima, simu iwe mbali. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu mpaka nne, kisha itoe ukihesabu mpaka sita. Usijilazimishe. Sikia miguu inavyogusa ardhi na tumbo linavyopanda na kushuka. Akili itaondoka, ikiondoka, irudishe taratibu kwenye pumzi, kama unavyomrudisha mbuzi kwenye njia bila kumpiga. Kule kurudisha ndiko zoezi lenyewe.

Tahadhari

Mjamzito, mwenye presha, mwenye presha ya macho au maumivu ya mgongo amwone kwanza mhudumu wa afya, na aepuke mikao ya kuinamisha kichwa chini. Ukisikia kizunguzungu, acha na upumue kama kawaida. Usiache dawa ulizoandikiwa. Na kama huzuni imekaa wiki mbili au zaidi, huli, hulali, au unawaza kujidhuru, usikae nayo peke yako: mwambie mtu unayemwamini na uende kituo cha afya, maana huo ni ugonjwa na una matibabu.

Yoga haileti mvua wala hailipi ada. Ila deni likihesabiwa na mtu aliyelala vizuri, mara nyingi huonekana pa kuanzia kulilipa. Ukijaribu zoezi hili kwa wiki moja, tutumie ujumbe utueleze umeonaje, tutausoma hewani.