Watu Walitolewa, Tambi Zikabaki

Mwezi wa Ramadhani uliopita tulikuwa tumeketi mkekani, tumekwisha kufungua kwa tende na maji, na sinia la futari liko mbele yetu. Palikuwa na tambi, zimepikwa kwa tui, sukari na iliki, kama zipikwavyo katika nyumba nyingi za Pwani. Mjukuu wangu, ambaye kazi yake ni upishi katika hoteli moja ya Malindi, alizitazama akacheka. "Babu," akasema, "kumbe nasi twala chakula cha Wataliano! Kazini nimeambiwa kuwa hivi ni vitu vyao, wengine wote ni waigaji tu."

Bibi yake akamjibu: "Zile kwanza, ndipo useme ni za nani."

Tukacheka, futari ikaendelea. Lakini neno lile lilinikaa moyoni hata baada ya tarawehi, kwani nilijua kuwa mjukuu wangu ameambiwa nusu ya hadithi, na nusu iliyoachwa ni ya ndugu zetu katika dini.

Wasomaji wangu, Italia kama dola moja ni changa. Iliungana mwaka 1861. Kabla ya hapo ilikuwa ni falme na miji mbalimbali, kila mmoja na mtawala wake na chungu chake. Kusini kabisa kuna kisiwa kikubwa cha Sicilia, kisicho mbali na Tunisia. Mwaka 827 jeshi la Waislamu lilivuka bahari kutoka Sousse likashuka Mazara. Amiri wake alikuwa kadhi, Asad ibn al-Furat, mwanachuoni wa fiqhi aliyekuwa mtu mzima sana. Alifariki mwaka uliofuata, lakini mwaka 831 Palermo ilitwaliwa ikawa mji mkuu wa Waislamu kisiwani. Msafiri Ibn Hawqal, aliyefika huko karibu na mwaka 973, aliandika kuwa misikiti ya mji huo ilizidi 300.

Watu hao hawakuja na panga peke yake. Walipanda malimau, madanzi, miwa na pamba, wakachimba mifereji na kujenga mabirika ya kunyweshea mashamba. Ndiyo maana hata leo Mtaliano asemapo zucchero, sisi twasema sukari. Asemapo limone, sisi limau. Asemapo zafferano, sisi zafarani. Na kuna zabibu za namna moja ambazo Wasicilia waziita zibibbo. Sote tumechota katika kisima kimoja, nacho ni Kiarabu.

Mwaka 1072 Wanormani, Wakristo waliotoka Ufaransa, waliitwaa Palermo. Ajabu ni kuwa hawakuwafukuza Waislamu mara ile. Mfalme Roger wa Pili, aliyetawazwa mwaka 1130, alikuwa na joho jekundu lililotariziwa Palermo kwa dhahabu, na pindoni mwake mna maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kikufi, pamoja na mwaka wa Hijria, 528. Joho hilo lingali limehifadhiwa Vienna.

Mfalme huyo ndiye aliyemwalika Sharifu al-Idrisi, mzaliwa wa Sabta, amfanyie ramani ya ulimwengu. Kazi ilichukua miaka kama kumi na mitano. Ramani ilichongwa katika bamba la fedha, na kitabu chake kikamalizika mwezi wa Shawwal mwaka 548 Hijria, ndio Januari 1154, wiki chache kabla mfalme kufariki. Katika kitabu hicho, kilichoandikwa Palermo, Malindi yetu imetajwa, pamoja na chuma kilichochimbwa na watu wake.

Na ndani ya kitabu hicho hicho mna tambi. Sharifu asema kuwa karibu na Palermo kuna mji uitwao Trabia, wenye maji yasiyokauka yazungushayo vinu, na huko hutengenezwa itriya kwa wingi, ikapakiwa vyomboni kwa shehena kupelekwa Calabria na nchi nyingine, za Waislamu na za Wakristo. Itriya hiyo ni unga wa ngano uliokandwa, ukatolewa nyuzi nyuzi, ukakaushwa. Ati wako wasemao kuwa Marco Polo ndiye aliyeleta chakula hicho kutoka Uchina! Marco Polo alirudi kwao mwaka 1295, miaka 141 baada ya Sharifu kuandika. Na ile nyanya ambayo leo tambi nyingi za Kitaliano haziliwi bila yake, asili yake ni Amerika, nayo haikujulikana Ulaya kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492.

Sasa watu wenyewe walikwenda wapi? Hapa ndipo penye machungu. Mjukuu wa Roger, Frederick wa Pili, alikijua Kiarabu na kuwapenda wanavyuoni, lakini Waislamu wa milimani walipomwasi, aliwahamisha kwa maelfu hadi Lucera, bara ya Italia. Huko waliishi na misikiti yao hata mwezi wa Agosti mwaka 1300, Mfalme Charles wa Pili wa Anjou alipouvunja mji wao. Walionusurika wakauzwa utumwani, na penye msikiti pakajengwa kanisa.

Leo katika kanisa kuu la Palermo ungali utaona nguzo moja iliyochongwa aya ya Surat al-A'raf. Trapani wanapika kuskusi kwa samaki. Na huko Puglia, mkoa ule ule wa Lucera, wako waziitao tambi zao tria.

Sikumwambia mjukuu wangu kuwa tambi za bibi yake zilitoka Sicilia. Nilimwambia kuwa chakula hukaa, lakini habari zake hufa zisipoandikwa. Lau si kalamu ya Sharifu, tungemjibu nini yule aliyemwita mwigaji? Siku ya pili nilimwona jikoni na daftari, amuuliza bibi yake tui la kwanza hutiwa lini.

Wenye tambi walikula, kisha wakatawanyika,
Misikiti yenye sala, yote ikabomoleka,
Kalamu haikulala, habari ikaandika,
Nasi tuandike mila, kabla hazijatoweka.