Muda Umekwisha, Penalti Haijapigwa

Leo tutazungumza juu ya sheria moja ya mpira wa miguu. Huenda mzee mmoja akauliza, "Mpira nao ni somo?" Naam, ni somo. Huko Temeke na Kinondoni watu wazima huchanga fedha zao kununua jezi na mipira, na jioni huzunguka kiwanja kutazama vijana wao. Ugomvi ukizuka, wanaoumia ni watu wa mtaa mmoja, na mara nyingi refa ndiye wa kwanza kupigwa. Ugomvi mwingi huzuka kwa sababu watu hawaijui sheria. Basi tujifunze.

Tuseme timu ya Tandika inacheza na timu ya Mtoni. Mtoni wanaongoza bao 1 kwa 0. Dakika 90 zimekwisha, na zile za nyongeza nazo zinakwisha. Mara beki wa Mtoni anaudaka mpira kwa mkono ndani ya eneo la penalti. Refa anapuliza kipenga na kuonyesha kidole penye alama ya penalti. Kabla mpira haujatengwa, saa ya refa inaonyesha kwamba muda umekwisha kabisa. Watu wa Mtoni wanaingia uwanjani wakishangilia, wakisema, "Muda umekwisha! Hakuna penalti tena!" Watu wa Tandika nao wanakataa. Nani ana haki?

Haki ni ya Tandika. Sheria ya 7 ya mpira wa miguu, ile ihusuyo muda wa mchezo, inasema kwamba ikiwa kuna penalti ya kupigwa au ya kurudiwa, kipindi lazima kirefushwe mpaka penalti hiyo imalizike. Hapa refa hana hiari. Kosa lilitendeka wakati mchezo ungali hai, kwa hiyo adhabu yake haifi pamoja na saa.

Lakini angalieni sana, ndugu zangu: sheria hiyo ni ya penalti peke yake. Haihusu kona, wala faulo iliyofanyika nje ya eneo la penalti. Refa akipuliza kipenga cha mwisho kabla kona haijapigwa, hajavunja sheria. Kwa hiyo yule anayepiga kelele, "Tulikuwa na kona yetu!" hana dai. Vile vile, kosa likitendeka baada ya kipenga cha mwisho, refa anaweza kumwonyesha mchezaji kadi, lakini hawezi kutoa penalti, maana mchezo umekwisha kufa.

Sasa tutazame jinsi penalti hiyo inavyopigwa. Mpira huwekwa mita 11 kutoka golini. Golikipa husimama juu ya mstari wake. Tofauti na penalti ya kawaida ni moja kubwa: hakuna kumalizia mpira uliorudi. Katika penalti ya kawaida, golikipa akiutema mpira, mpigaji anaweza kuukimbilia na kuutia wavuni. Katika penalti ya muda uliorefushwa hawezi. Mchezaji yeyote asiyekuwa golikipa akiugusa mpira baada ya kupigwa, penalti imekwisha, na mchezo umekwisha.

Je, mpira ukigonga mlingoti, kisha ukagonga mgongo wa golikipa, kisha ukaingia? Hilo ni bao halali, maana hakuna mchezaji mwingine aliyeugusa. Refa asiharakishe kupuliza kipenga. Angoje mpira usimame au utoke nje. Na golikipa akitoka mstarini kabla ya wakati na kuuzuia mpira, penalti hurudiwa, hata ikiwa jua limekwisha kuzama.

Jambo hili liliwahi kuliliza bara zima la Afrika. Tarehe 2 Julai 2010, mjini Johannesburg, Ghana walicheza na Uruguay katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Katika dakika za mwisho kabisa za muda wa ziada, matokeo yakiwa 1 kwa 1, Luis Suárez wa Uruguay aliuzuia kwa mikono mpira uliokuwa unaingia golini. Alipewa kadi nyekundu, na Ghana wakapewa penalti. Asamoah Gyan aliupiga mpira ukagonga mtambaa wa panya, yaani ule mlingoti wa juu, na kutoka nje. Hapo hapo muda wa ziada ukawa umekwisha. Uruguay wakashinda kwa mikwaju ya penalti 4 kwa 2.

Sheria hii ilitoka wapi? Penalti yenyewe iliingizwa katika sheria mwaka 1891, kwa shauri la William McCrum wa Ireland. Inasimuliwa kwamba muda si mrefu baadaye, katika mchezo wa Stoke na Aston Villa huko Uingereza, golikipa mmoja aliupiga mpira nje kabisa ya uwanja ili penalti isipigwe, na ulipopatikana muda ulikuwa umekwisha. Mwaka 1892 sheria ikarekebishwa, ili mjanja asifaidike kwa kuiba muda.

Wamarekani nao, katika mpira wao wanaoushika kwa mikono, wana jambo la namna hiyo. Timu ikifikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani hupata pointi 6, kisha hupewa jaribio moja la kuongeza pointi 1 au 2. Tarehe 14 Januari 2018 Minnesota Vikings waliwafunga New Orleans Saints pointi 29 kwa 24 muda ukiisha. Wachezaji wa Saints waliokwisha kwenda zao ndani waliitwa warudi kwa ajili ya jaribio lisiloweza kubadili lolote. Mwaka huo huo ligi yao iliamua kwamba, muda ukiisha na mshindi akijulikana, jaribio hilo lisifanywe. Lakini kama linaweza kubadili matokeo, lazima lifanywe. Msingi ni ule ule: haki iliyopatikana kabla ya muda kwisha isipotezwe na saa.

Sasa, katika kikundi chenu, jadilianeni maswali haya:

1. Golikipa ameutema mpira wa penalti ya muda uliorefushwa, mpigaji akaumalizia wavuni. Je, ni bao?

2. Kwa nini kona haina haki sawa na penalti?

3. Viongozi wa timu wafanye nini kabla ya mchezo ili watazamaji waijue sheria hii?