22/7 Si Pai, Wasee

Maze, hii stori ya 22/7 lazima tuibonge. Chuo odijo alisema pai ni 22/7, na kwa kutafuta eneo la duara inaweza poa. Ngori ni venye wasee wengi hukua wakijua ni namba moja. Zi. Hata haziko mbogi moja.

Weka kalkuleta kando, shika biro ugawe mwenyewe. 22 kwa 7 ni 3, inabaki 1. Weka sifuri: 10 kwa 7 ni 1, inabaki 3. Ukiendelea hivyo inabaki 2, alafu 6, 4, 5... alafu 1 tena. Cheki hapo fiti. Ukigawa kwa 7 kenye kinaweza baki ni 1 hadi 6 pekee, ju sifuri ikitokea hesabu imeisha. Zote sita zikishapita, lazima urudi kwa yenye ulishaiona, na desimali inaanza kuzunguka ka mathree kwa ruti yake: 3.142857142857142857, hadi chee. Hiyo ndio rada ya namba za wiano, zile zinaandikika ka sehemu. Hata sehemu ikae noma aje, desimali yake itaisha ama itajirudia.

Pai haina hizo. 3.14159265... inasonga tu, na 1761 Johann Lambert alithibitisha haiwezi kuwa sehemu. Na si kukosa mpangilio ndio kunaamua. Cheki 0.1010010001..., kila raundi sifuri moja inaongezeka. Mpangilio unauona wazi, lakini hakuna kipande kinajirudia milele, kwa hivyo iko upande wa pai.

Sasa chukua A4 hapo saiba. Ni milimita 297 kwa 210. Ikunje katikati upate A5, na umbo ni lile lile. Ndio hiyo itoke sawasawa, urefu ukigawa kwa upana lazima upate kipeuo cha pili cha 2. Lakini 297 kwa 210 ni 99/70. Ingekuwa ndio yenyewe, 99 ikijizidisha ingetoshana na 70 ikijizidisha alafu mara mbili. Zidisha 99 kwa 99, 9801. Zidisha 70 kwa 70, alafu mara mbili, 9800. Imekosa na moja tu!

Na hakuna sehemu itawahi kuipata. Namba nzima ikijizidisha, ukiivunja utoe mbili zote ziko ndani, idadi yao huwa shufwa. Ukiizidisha tena kwa 2, idadi inakuwa witiri. Kwa hivyo upande wa juu ya sehemu ukijizidisha, na wa chini ukijizidisha alafu mara mbili, haziwezi kulingana, hata ujaribu na namba kubwa aje.